Mwalimu Aenziwe kwa Kazi

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, taifa humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia huko London siku kama hiyo mwaka 1999. Ofisi na shule hufungwa, hotuba hutolewa, na Mbio za Mwenge wa Uhuru hufikia kilele chake. Mwaka 2024, ilipotimia miaka 25 tangu kifo hicho, kilele kilifanyika mjini Mwanza. Ilikuwa haki kuwa hivyo, kwani mwambao wa Ziwa Victoria unazo kumbukumbu mbili ambazo kila mtumishi wa umma na kila mwalimu hana budi kuzitafakari siku hiyo.

Kumbukumbu ya kwanza ni ya fahari. Mwezi Oktoba mwaka 1967, miezi minane baada ya kutangazwa kwa Azimio la Arusha, Mwalimu alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, mwendo wa kilomita zipatazo 200, kuhudhuria Mkutano Mkuu wa TANU. Alikuwa Rais wa Jamhuri na hakukosa gari. Lakini vijana walikuwa wakitembea masafa marefu kuliunga mkono Azimio, naye hakutaka kuwapungia mkono tu kutoka dirishani. Masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio, yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, yalilegezwa huko Zanzibar mwaka 1991. Funzo la safari ile halikulegezwa na kikao chochote: anayewaagiza wenzake kazi nzito sharti aanze yeye.

Kumbukumbu ya pili ni ya msiba. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda Ukara wilayani Ukerewe, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati. Kilijengwa kubeba abiria 101. Waliopoteza maisha peke yao walizidi 220. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Siku ile jina jema lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa kivuko, lakini halikuweza kuifanya kazi ya mtu wa kuhesabu abiria na kutamka kwa uthabiti kwamba nafasi imekwisha.

Hapo ndipo lilipo suala lenyewe. Kuwapa viongozi waliotangulia mitaa, shule, vyombo na madaraja ni desturi njema, na Mwanza imeiendeleza. Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu, lililopewa jina la Hayati John Pombe Magufuli. Wananchi waliokuwa wakisubiri kivuko kwa saa nyingi, wakiwemo wagonjwa, wanajua thamani yake. Lakini daraja nalo linahitaji mkaguzi mwaminifu, dereva anayetii uzito uliowekwa, na ofisa asiyefumba macho kwa ajili ya bahasha. Pakikosekana hao, jina hubaki kuwa rangi juu ya chuma.

Walimu wana sehemu kubwa zaidi katika jambo hili, kwa kuwa Mwalimu alikuwa mwenzao, aliyefundisha Tabora na Pugu kabla ya kuacha kazi mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Mtoto wa Ukerewe au Magu anayekariri tarehe ya kuzaliwa na ya kufa kwa Baba wa Taifa amejifunza nusu tu. Nusu ya pili ataiona kwa mwalimu anayewahi darasani, na kwa karani anayemhudumia mkulima maskini sawasawa na anavyomhudumia mwenye fedha.

Basi siku ya mapumziko ipumzikiwe, na maua yawekwe panapostahili. Lakini Mwalimu hakuwa mtu wa kuridhika na maua. Heshima anayopewa hupimwa tarehe 15 Oktoba, milango ya ofisi inapofunguliwa na mwananchi wa kwanza anapofika na shida yake. Akihudumiwa kwa haki, bila kuzungushwa wala kuombwa chochote, hapo Mwalimu atakuwa ameenziwa.