Mashauri kwa Wenye Magari: Kabureta Haitaki Pampu ya Nguvu

Gari la EFI, yaani lile linalopuliziwa petroli kwa nozeli za umeme, likiharibika vyombo vyake vya umeme, mwenye kukaa mbali na mji hupata taabu. Vipuri ni ghali, na fundi wa kuvipima ni shida kumpata. Kwa hiyo wengine huamua kufunga kabureta. Shauri hilo si baya, lakini mara nyingi pampu husahauliwa, na kusahau huko kwaweza kuteketeza gari pamoja na waliomo.

Yafaa kujua sababu. Nozeli hutaka petroli isukumwe kwa ratili 40 hivi kwa kila inchi ya mraba. Kabureta hutosheka na ratili 3 mpaka 6 tu. Ndani yake mna boya na sindano: bakuli likijaa, boya hupanda na sindano huziba njia. Pampu ya EFI huishinda sindano hiyo, na petroli humwagika juu ya injini yenye moto. Ukiona moshi mweusi na plagi zilizolowa, tena ukisikia harufu ya petroli, zima upesi.

Tazama mashine ndogo za petroli za kuvuta maji, zile wanazotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu na wakulima wa mpunga. Tangi li juu, kabureta chini, na pampu ya petroli hamna. Petroli yenye kimo cha mita moja husukuma kwa ratili 1 tu, na mashine hufanya kazi kutwa.

Basi, chagua hivi. Kwanza, uliza kama injini yako ina mahali pa pampu inayoendeshwa na injini yenyewe. Toyota 22R, iliyotoka kiwandani na kabureta, inayo. Ndugu yake 22RE, ya nozeli, hutumia pampu ya umeme ndani ya tangi.

Kama mahali hapo hapapo, nunua pampu ya umeme ya nguvu ndogo. Ifungwe chini, karibu na tangi, maana husukuma vizuri kuliko kuvuta. Ile ya zamani itolewe tangini, isizibe njia. Tena iwekwe swichi ya kuikata injini inapozimika, kwa kuwa gari likipinduka ufunguo ukiwa wazi, pampu huendelea kumwaga petroli.

Ukitaka kubaki na pampu ya EFI, lazima pawe na kipunguza nguvu chenye bomba la kurudisha petroli tangini. Mipira iwe ya petroli, si ya maji. Rahisi huvunja upishi.

Kabla hujapakia watu kwenda Kahama au Geita, nguvu ipimwe kwa geji. Fundi akisema pampu kubwa ndiyo bora, mwulize: ratili ngapi? Kama hajui, usimpe kazi.