Fimbo ya kumtoa besi mafichoni

Msomaji mmoja wa Uthiru, mwanafunzi wa chuo, ameuandikia ukurasa huu akiuliza swali ambalo hatulipati kila Jumapili. Tangu mwaka jana amekuwa akiweka akiba kutokana na vibarua vya likizo. Anataka kununua fimbo ya kuvulia ili ampeleke mdogo wake Naivasha wakavue besi. Katika duka moja la vifaa vya michezo katikati ya jiji, mwuzaji alimtolea fimbo nene, ndefu kama watu wawili waliosimamishwa mmoja juu ya mwingine, akamhakikishia kwamba hiyo haivunjiki. Kesho yake, katika duka jingine huko Westlands, akaonyeshwa kijiti chembamba kinachotikisika hata kwa pumzi. Akarudi nyumbani mikono mitupu. Sasa anauliza, achukue ipi?

Asichukue hata moja. Ile ya kwanza ni ya kuvulia baharini, ukiwa umesimama ufuoni na kurusha mshipi mbali kupita mawimbi. Ya pili ni ya kuvulia trauti, samaki wa mito baridi ya Aberdare ambaye wazungu walianza kumleta nchini mwaka 1905. Zote mbili ni fimbo nzuri mahali pake, lakini kwa besi wa Naivasha ni hasara tupu. Na kijana huyu ana fedha za fimbo moja tu. Akikosea leo, atangoja likizo nyingi kabla ya kushika nyingine.

Kabla ya fimbo, tumjue samaki mwenyewe. Besi (wako wanaomwita "basi", lakini tukiandika hivyo msomaji atadhani tunazungumzia usafiri) ni samaki wa kijani mwenye mdomo mpana kupita kiasi. Asili yake ni Marekani ya Kaskazini. Aliletwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kwa kujiburudisha, akaongezwa tena miaka ya baadaye. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, nao pia wa kutoka Marekani, na besi akawafanya chakula chake. Tangu mwaka 2001 samaki wa kigeni aitwaye kapu ameingia ziwani na kuzaana mno, hata wavuvi wa nyavu wakaja kumtegemea. Hata hivyo besi bado yupo, na ndiye anayewatoa watu wa Nairobi vitandani alfajiri.

La mno kwetu ni tabia yake. Besi hakimbizi windo lake kutwa nzima. Hujibanza kivulini, akatulia tuli, na kiumbe kikipita karibu, mdomo hufunguka mara moja na kufunga. Naivasha imemjalia maficho ya kila namna. Kuna mafunjo yaliyosimama kama ukuta. Kuna gugu maji, lililoonekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambalo mizizi yake huning'inia majini kama pazia. Aidha, maji yamepanda sana tangu karibu mwaka 2010, na mwaka 2020 yalifurika hadi ndani ya nyumba za mtaa wa Kihoto. Migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama ndani ya maji, mingi ikiwa imekufa, matawi yake yakiwa makazi ya mnandi juu na ya besi chini.

Basi mvuvi anayerusha chambo katikati ya ziwa anawarushia samaki wasiokuwepo. Chambo lazima kiingie ndani ya pengo la mafunjo lenye upana wa karai, tena kiingie bila kishindo. Hapo ndipo unapokuja mtupo ambao hapa tutauita wa bembea. Unauachia mshipi urefu unaotoka ncha ya fimbo hadi kwenye rili. Chambo unakishika kwa mkono wa pili, karibu na kiuno. Unaiinua ncha ya fimbo taratibu huku ukikiachilia chambo, nacho hubembea kuelekea mbele, chini chini, karibu kigusane na maji, kisha huzama pale pale ulipopaangalia. Hakuna kurusha kwa kupitisha fimbo juu ya kichwa. Hatua 5 hadi 10 zatosha.

Wamarekani wameandika mengi kuhusu mitupo ya namna hii, na mvuvi Dee Thomas wa California alipata sifa katika miaka ya 1970 kwa mtupo wa jamii hiyo. Lakini chanzo chake kilikuwa watu waliotumia fimbo ndefu kudondosha chambo wima katika matete. Yaani jambo lile lile afanyalo mtoto yeyote wa kijijini kwa mwanzi, nailoni na ndoana moja. Tusimcheke mtoto huyo. Amekwisha kuelewa nusu ya somo.

Nusu iliyobaki ni ya kumtoa samaki. Besi akikimeza chambo ndani ya mafunjo, ana sekunde mbili au tatu za kuamua mambo. Akiruhusiwa kugeuka, atazungusha mshipi kwenye shina, na hapo utaagana naye, yeye akibaki na ndoana mdomoni, jambo ambalo si la kujivunia. Fimbo ya kazi hii basi inatakiwa kuwa na mambo mawili yanayoonekana kupingana: ncha laini kiasi cha kukibembeza chambo, na mgongo mgumu wa kumvuta samaki kwa nguvu bila kumpa nafasi ya kufikiri.

Hapa ndipo wauzaji wengi huwachanganya wateja, maana husema "ngumu" na "laini" kana kwamba ni suala moja. Nguvu ya fimbo ni uzito inaoweza kuubeba. Mkunjo wake ni mahali inapoanzia kupinda. Fimbo yaweza kuwa na nguvu nyingi na bado ikapinda kutoka katikati, kama upinde. Hiyo tuiache. Tafuta ile inayopinda sehemu ya juu tu, karibu theluthi moja kutoka nchani, na iliyobaki iwe imara.

Maandishi yatakusaidia. Juu kidogo ya mpini, fimbo nyingi za viwandani huandikwa nguvu yake, uzito wa mshipi kwa ratili na uzito wa chambo kwa wakia. Herufi MH ni za nguvu ya wastani kuelekea juu, na H ni za nguvu ya juu. Kwa mafunjo na migunga, MH yamfaa mtu anayeanza. H ni ya wale watakaotoboa gugu maji lililoshikamana, kazi inayohitaji chubwi ya wakia nzima au zaidi. Fimbo ya kijana wetu iwe inaweza kubeba chambo cha kuanzia robo wakia hadi wakia moja, yaani gramu 7 hadi 28, na mshipi wa ratili 15 hadi 25 hivi. Mshipi wa kusukwa, ambao ni mwembamba kuliko nailoni ya nguvu hiyo hiyo, waweza kuzidi hapo, na hukata mashina laini ya magugu, ingawa huonekana zaidi majini.

Kuhusu urefu, magazeti ya Marekani yatakuambia futi 7 na nusu. Mimi sikubaliani nayo, kwa sisi. Mabingwa wao husimama juu ya mashua pana zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Sisi tunaokodi boti Naivasha aghalabu tunavua tukiwa tumekaa, na fimbo ndefu ikiinamishwa hupiga maji na kumwamsha kila samaki. Futi 7 kamili, ambazo ni mita 2 na kidogo, zinamtosha mtu mzima. Kwa mdogo wake mwenye umri wa miaka 12 au 13, futi 6 na nusu.

Halafu kuna suala ambalo magazeti hayo hayaligusi kabisa, nalo ni matatu. Kipande kimoja cha futi 7 hakina mahali katika gari la abiria 14. Ukikiweka chini ya viti kitakanyagwa, ukikitoa dirishani kitabaki Kangemi. Wataalamu husifu fimbo ya kipande kimoja kwa sababu haina kiungo, na ni kweli. Ila fimbo bora iliyovunjwa na mlango wa matatu kabla ya kufika Mai Mahiu haivui. Nunua ya vipande viwili, na dukani uviunganishe mwenyewe. Visicheze, visitoe mlio, na pete zote zipange mstari mmoja ukitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki.

Usione haya kukaa dukani. Omba rili ifungwe kwenye fimbo, maana fimbo tupu hudanganya mkono. Iliyo nzito nchani itakuchosha kabla ya saa nne asubuhi. Mpini uishie karibu na kiwiko. Ukizidi sana utakwama kwenye sweta kila unapobembeza. Mwombe mwuzaji akushikie ncha huku ukivuta polepole, uone inapindia wapi. Kama ni ya mtumba, pitisha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa nyuzi, pete ina ufa na itakata mshipi siku utakapompata samaki wa maana. Pitisha pia ukucha kwenye fimbo yote. Fimbo za kaboni ni nyepesi na hukufikishia kila mguso wa samaki, lakini kovu dogo tu laweza kuzivunja. Zile za nyuzi za kioo ni nzito kidogo na butu kwa hisia, ila huvumilia watoto. Nyumba yenye watoto watatu na fimbo moja isidharau kioo.

Rili ya kulala juu ya fimbo, ambayo gurudumu lake huzuiwa kwa kidole gumba, ndiyo inayolingana na mtupo huu. Ubaya wake ni kwamba mgeni akichelewa kuweka kidole, mshipi hujisokota kama nywele zilizokosa kitana. Kama fedha ni chache, weka nyingi kwenye fimbo na chache kwenye rili, kwa kuwa umbali wa hatua 8 hauhitaji rili ya fahari.

Mazoezi hayahitaji ziwa. Toa ndoana, funga nati ndogo ya chuma mshipini, weka karai uani hatua 5 mbele yako, na ubembeze. Nati ikilia "kwaa!" ukingoni, besi amekimbia. Ikitua kimya ndani, mwite mdogo wako ajaribu. Jioni mbili tatu kwa wiki zatosha, mradi majirani wawe wameanua nguo zao. Angalieni pia nyaya za umeme juu ya ua. Kaboni hupitisha umeme, na kwa sababu hiyo hiyo mvuvi hulaza fimbo chini na kurudi pwani radi inapoanza kunguruma ziwani.

Siku ya safari, ulizeni kwanza katika ofisi ya uvuvi kuhusu leseni na kama ziwa limefunguliwa, kwani hata anayevua kwa kujiburudisha hutakiwa kuwa na kibali. Kodini boti yenye maboya ya kuvaa na nahodha anayewajua viboko wa upande ule. Msivulie kwa miguu kandokando ya mafunjo, hasa asubuhi na jioni. Mnamo Agosti 2018 mtalii wa Taiwan aliuawa na kiboko katika ufuo wa ziwa hilo hilo. Nahodha akisema pengo fulani halifai, hata kama linaonekana zuri namna gani, pitieni mbali.

Kwa chambo, chukueni nyungunyungu wa mpira wa rangi nyeusi au ya kahawia, chubwi yenye umbo la risasi mbele yake, na ncha ya ndoana ifichwe ndani ya mpira ili isikwame kwenye mashina. Besi wengi hukidaka chambo kikiwa bado kinashuka, kwa hivyo tazameni mshipi. Ukienda kando ghafla, au ukilegea kabla ya chambo kufika chini, inua fimbo kwa nguvu na uendelee kumvuta hadi awe nje ya mafunjo. Mshipi ukijizungusha kwenye mgunga, usiinue tena. Mwambie nahodha asogeze boti taratibu hadi mtini, uuzungushe mshipi kwa mkono, na mara nyingi utamkuta samaki bado yuko upande wa pili.