Wacheni kutuambia "jikaze"

Mkitaka mniblock, sawa tu, lakini leo nasema: neno "jikaze" linaumiza wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wanaolitumia sana ni watu wanaowapenda.

Nilisoma shule ya bweni. Kwa miaka minne kengele iliniamsha, kengele ikanilisha, kengele ikanilaza. Hata kwenda choo wakati wa prepu niliomba ruhusa. Halafu nikamaliza KCSE mwezi wa Novemba, nikakaa nyumbani miezi kama tisa, kisha matatu ikanishusha kwa lango la chuo na sanduku na godoro. Ati sasa wewe ni mtu mzima. Huo utu uzima nilifunzwa na nani? Na kengele?

Pesa ya mkopo ilipoingia, nilijiona tajiri. Viatu vipya, chipsi kwa mabeste. Wiki ya nne nilikuwa nazunguka nyuma ya vibanda ili mama wa chapati asinione, maana alikuwa ananidai.

Lakini mimi nilikuwa na afadhali. Mwenzangu wa chumba aliacha kwenda darasani. Alilala mchana, usiku akakodolea simu macho. Tukamwita mvivu. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Jikaze, bro." Wiki ya saba nilirudi jioni nikapata godoro lake halipo. Alienda bila kumuaga mtu. Miezi kadhaa baadaye ndipo aliniambia mama yake alikuwa ameshindwa kuchanga sehemu yake ya karo, naye aliona haya kusema. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Kwani uliniuliza?"

Hilo swali bado linanikosesha usingizi.

Najua wazee mtasema: sisi tulipita huko na hatukulia. Sawa, lakini mambo yamebadilika. Tangu mfumo mpya wa ufadhili uanze 2023, familia zinapangwa kwa bendi: hii ni skolashipu, huu ni mkopo, na hii iliyobaki mzazi atoe. Kijana wa miaka 18 anaingia chuo akijua mama atauza nini ili yeye abaki darasani. Ukimwambia ajikaze, hujampunguzia mzigo hata kidogo. Umemwambia tu aubebe kimyakimya.

Katika KCSE ya 2024, zaidi ya watahiniwa 246,000 walipata C+ kwenda juu. Wengi walibebwa juujuu na kuimbiwa. Wangapi walifunzwa kugawa elfu tano zifike mwisho wa mwezi? Na wale walioenda vyuo vya kiufundi hata wimbo hawakupata, ilhali stresi ni ileile.

Basi tufanye hivi. Mzazi, hiyo miezi tisa usimwache mtoto alale tu. Mpe pesa ya shopping ya wiki, akikosea akosee ukiwa karibu. Akienda chuo, usipige simu kuuliza "unasoma?" pekee. Uliza amekula nini na analala saa ngapi.

Na wewe fresha: pesa ikiingia, igawe kwa wiki siku hiyohiyo, kabla hujaona viatu. Jua mapema ofisi ya mlezi wa wanafunzi na ya mshauri ziko wapi. Kuingia huko si aibu. Karo ikikwama, sema mapema, kabla ya kufungasha. Mficha uchi hazai.

Nilikuwa na video yangu ya "Jikaze, komredi". Ilipendwa sana. Nimeifuta.

Leo usiku mpigie mtu mmoja aliye mwaka wa kwanza. Usimpe mawaidha. Muulize anaendeleaje, halafu unyamaze umsikize.