Eti palikuwa pori

SHUBIRI NA ASALI, na Mama Kidawa

Jumamosi nilikwenda Ruvu kwenye arobaini ya binamu wa mume wangu. Narudi, napita karibu na stesheni ya zamani, naona pale kilabuni penye mwembe pamesimikwa bango jipya la taa, jekundu, linawaka mchana kweupe. Jina silitaji, wakili wa gazeti hili ananijua. Chini ya jina pameandikwa: “Tangu 2024”.

Tangu 2024! Nilisimama katikati ya njia mpaka bodaboda akanipigia honi.

Nikaingia na baibui langu, nikaagiza soda. Mwenye baa ni kijana wa mjini, mwenye adabu ya salamu tu. “Shikamoo mama. Karibu. Hapa palikuwa pori, mimi ndiye niliyepafungua.”

Pori! Pori lenye kaunta ya saruji? Pori hilo mimi nilikuwa nikitumwa na gauni la shule kumwita babu aje kula. (Babu hakuwa mnywaji, wasomaji wangu wa siku nyingi mnalijua hilo, alikuwa akienda kuulizia bei ya chumvi. Chumvi yenyewe hatukuiona.)

Wazee wa pale wanasimulia kwamba aliyeanza ni bibi mmoja, akipika komoni kwa vibarua waliotandika reli ya kutoka Ruvu hadi Mruazi, ile iliyounganisha Reli ya Kati na ya Tanga mwaka 1963. Bango hakuwa nalo. Alikuwa na pipa, kata na mdomo. Mdaiwa akichepuka njia ya mtoni alitangazwa pamoja na ukoo wake. Kisha vikaja vijiji vya ujamaa, kilabu kikawa mali ya kijiji: mapato kwenye daftari, daftari kwa katibu, katibu mwenyewe kilabuni. Hesabu yake msiniulize. Ikafuata zabuni, akapata mstaafu wa reli, mtu wa saa kwelikweli, aliyefunga mlango treni ya abiria ikipiga honi hata kama kopo lako liko nusu ya safari kwenda mdomoni. Baada yake akaja wa kreti. Waafrika Kusini walikuwa wameingia kwenye kiwanda cha bia mwaka 1993, na bia ikaacha kuwa kitu cha foleni na cha kujuana. Wa viroba sina hamu naye. Serikali ilivipiga marufuku Machi 1, 2017, naye akahama usiku, akaacha deni la pango na mfereji ulioziba vifuko.

Sasa nisikilizeni. Katika wote hao, jina kwenye leseni lilibadilika, jiko halikuhama ukoo. Alipikia binti wa yule bibi, kisha mjukuu. Hata supu anayojisifia kijana inapikwa uani na mjukuu huyohuyo, kwa kuni zake mwenyewe, na analipwa jioni kama pamechangamka. Nilipotoa noti ya elfu kumi, mwenye baa hakuwa na chenji. Akapaza sauti uani: “Mama, tuazime!” Mama akafungua fundo la kanga, akahesabu, akamwuliza, “Na ya juzi?” Kijana akaongeza muziki.

Ugonjwa huu umeletwa na treni ya umeme. Tangu ianze kubeba abiria mwaka 2024 na kusimama Ruvu, kila anayeshuka na begi anadhani nchi iliumbwa siku aliyokata tiketi. Uingereza zipo baa za vijijini zenye ubao ukutani, majina ya waliozishika yamepangwa mmoja chini ya mwenzake tangu karne zilizopita. Na wao ni walevi kama sisi, ila wanakumbuka nani aliwalewesha.

Nilimwambia kijana aandike angalau jina la bibi, hata kwa chaki. Akacheka. “Mama, historia hailipi kodi.”

Mkataba wake ni wa miaka miwili, nimeuliza. Mjukuu wa bibi ana mabinti watatu, na yule mkubwa kashaanza kusaidia jikoni. Huyo hasubiri jioni. Anadai chake kabla hajawasha kuni.