Seva Ikihama, Jina Libaki

Kampuni ikinunua seva mpya ya barua pepe, mimi naona jina la zamani libaki. Ni kama wewe ukinunua simu mpya: unatoa laini, unaiweka kwa simu mpya, namba ni ile ile. Intaneti nayo huambiwa tu jina lile sasa liko kwa mashine gani. Barua ikikosa kuingia wakati wa kuhama, seva iliyoituma hujaribu tena baadaye. Wewe mteja huna kazi yoyote hapo.

Tukibadilisha majina ovyo, tunawazoesha wateja kuamini anwani ngeni, na matapeli wanafurahi. Ukiona "Tumehama, thibitisha PIN yako," hata kwa jina unalolijua, usijibu. Mashine huhama. PIN yako haihami.