Nyoka Mwenye Ndevu za Mfalme

Kila nikifundisha habari za Kongo, hubandika ubaoni katuni iliyotoka katika jarida la Punch la London mwaka 1906. Nyoka wa mpira, mwenye kichwa na ndevu za Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo wakati huo, amemviringa Mkongomani; mpira wa Kongo uligemwa kwenye mimea ya porini inayojisokota mitini vivyo hivyo. Nyuma yao mama anakimbia na mtoto. Wanafunzi husema mara moja: mchoraji huyu aliwapenda Waafrika.

Hapo huwasimamisha. Mchoraji ni Linley Sambourne, yule yule aliyemchora Cecil Rhodes, mkoloni Mwingereza, katika Punch hiyo hiyo mwaka 1892, ameikanyaga Afrika kutoka Cape Town hadi Cairo, waya wa telegrafu mikononi. Katika picha ile hakuna Mwafrika hata mmoja. Waingereza waliolaani ukatili wa Leopold wa kuwalazimisha Wakongomani kugema mpira, na waliulaani kwa haki, wenyewe walikuwa na makoloni.

Walimu wenzangu, msionyeshe katuni moja peke yake. Zibandikeni zote mbili, kisha waulizeni watoto: katuni hizi zilichorwa zitazamwe na nani?