Michezo ya Kompyuta: Tupime Kabla ya Kuhukumu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:



Suala la michezo ya kompyuta limekuwa likizungumzwa sana mabarazani na nje ya misikiti yetu, hapa Chokocho na katika vijiji jirani. Wapo wazee wanaotaka vibanda vyote vya gemu vifungwe na kila simu yenye mchezo ichukuliwe, kwani kwao jambo hili ni haramu moja kwa moja. Wapo vijana wanaojibu kuwa mchezo ni mchezo tu, hauna dhambi wala thawabu, na kwamba wazee wanakataza wasichokijua. Makundi haya mawili yanazungumza kila moja na nafsi yake, na baina yao amesimama mtoto wa miaka kumi ambaye hana anayemuongoza. Kwa ajili ya mtoto huyo tumeona ni wajibu wetu kulizungumzia jambo hili kwa uwazi.

Wanazuoni wa Usuli wametufundisha kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Basi tuanze na kufahamu.

Michezo hii si mipya kama tunavyodhani. Mwaka 1984 mtaalamu wa kompyuta wa Moscow, Alexey Pajitnov, aliutunga mchezo wa Tetris, ambao mchezaji hupanga vipande vinavyodondoka ili visiache nafasi. Hauna picha mbaya ndani yake, wala damu, wala matusi. Mwishoni mwa mwaka 1994 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mashine ya PlayStation, na ile ya pili iliyotoka mwaka 2000 iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani kote. Kisiwani kwetu, mwaka 2010 ndipo waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga ulipoifikia Pemba, tukaacha kutegemea majenereta ya dizeli ya Wesha. Umeme ulipotulia, televisheni na mashine za michezo zikapata pa kukaa. Kisha zikaja simu za kupangusa, na leo mtoto hahitaji tena kwenda kibandani, kwani kibanda kimo mfukoni mwa kaka yake.

Tukirudi katika sheria yetu, hatuoni kuwa Uislamu umeuharamisha mchezo kwa kuwa ni mchezo. Imethibiti katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) aliwaacha Mahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha (R.A.) akiwatazama. Imethibiti pia kuwa alishindana naye mbio, na kwamba hakumkataza wanasesere wake. Dini iliyomuachia moyo wa mwanaadamu saa ya ibada na saa ya mapumziko haiwezi kusemwa kuwa inachukia furaha ya mtoto.

Wala wanazuoni wetu hawakulipita jambo hili juu juu. Mafakihi wa madhehebu ya Imam Shafi (R.A.) waliujadili mpaka mchezo wa ubao wenye vishimo unaochezwa kwa kokoto, ambao hapana shaka ni jamaa wa bao letu. Wakahitilafiana: wengine waliufananisha na nardi, mchezo wa dadu ambao Mtume (S.A.W.) ameukemea vikali, na wengine wakaufananisha na shatranji, ambayo kwa Imam Shafi ni makuruhu ikiwa haina kamari wala haimpitishii mtu sala. Msingi wa tafauti yao ni swali moja: je, mchezo huu unategemea fikra na hesabu, au unategemea bahati tu? Swali hilo lina umri wa karne nyingi, lakini ndilo tunalolihitaji leo mbele ya kioo cha simu. Tukiongeza maswali mengine matatu, yaani je, ndani yake mna kamari, je, mna kinachovunja itikadi au haya, na je, unampitishia mtu wajibu wake, tutakuwa na mizani iliyotimia.

Tuanze na mazuri yake, kwani uadilifu hauruhusu kuyaficha. Mfano ulio karibu nasi zaidi uko ng'ambo ya bahari, mkoani Tanga. Baina ya mwaka 2017 na 2019, taasisi ya XPRIZE, ikishirikiana na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani, iligawa kompyuta bapa kwa watoto wapatao 3,000 katika vijiji zaidi ya 150 visivyokuwa na skuli karibu. Ndani yake mlikuwa na masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, yaliyotungwa kwa namna ya michezo. Mtoto alicheza mwenyewe bila ya mwalimu. Kabla ya jaribio, watoto tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma kabisa ilipungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi ya dola milioni 10. Mwenye kusema kuwa michezo ya kompyuta haina kheri yoyote, na awajibu watoto wa Tanga.

Mfano wa pili unatoka hospitalini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliwaangalia madaktari 33 wa upasuaji wa kutumia kamera. Wale waliowahi kucheza michezo hii zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37 katika mazoezi yao, na walikuwa wepesi zaidi kwa asilimia 27. Hata hivyo tusilichukue jambo hili kupita kiasi. Inawezekana kuwa mwenye mkono mwepesi ndiye anayevutika na mchezo, wala si mchezo uliomwepesishia mkono. Na saa tatu kwa wiki si saa tatu kila jioni.

Tena kutunga michezo hii ni elimu na ni kazi. Mwaka 2001 nyumba ya vitabu ya Dar al-Fikr ya Damascus ilitoa mchezo uitwao Tahta al-Ramad, unaosimulia maisha ya kijana wa Kipalestina chini ya ukaliaji. Watungaji wake walichoshwa na michezo ambayo Mwarabu na Muislamu ndani yake ni adui wa kupigwa risasi tu. Badala ya kulalamika peke yake, walijifunza ufundi wakasimulia wenyewe.

Ama madhara yake, ni mengi, na hatutayapunguza.

La kwanza ni muda. Bao lina mwisho: mmoja hufungwa, adhana ya Magharibi husikika, watu wakanyanyuka. Mingi ya michezo ya simu ya siku hizi imetungwa isiwe na mwisho. Kila siku huahidi zawadi kwa atakayerudi, na humuadhibu atakayekosekana. Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya maradhi ambamo limo tatizo la kutoweza kujizuia na michezo hii, na orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea nao ingawa madhara yanaonekana. Si kila mchezaji ana maradhi hayo. Lakini ni nani baina yetu asiyemjua kijana mwenye dalili moja au mbili? Mtume (S.A.W.) ametutahadharisha kuwa afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Mwenye kuuza mchezo usio na mwisho anainunua faragha ya mtoto wetu kwa bei ndogo mno.

La pili ni kamari, na hili ndilo linalotutia khofu zaidi kwa sababu limeingia kimya kimya. Imekuwa desturi katika vibanda kwamba wawili wanacheza mpira na anayefungwa ndiye anayelipia wote wawili. Vijana wanaliona jambo hili dogo. Lakini kila mmoja wao ameingia akiwa baina ya kupata na kupoteza mali kwa matokeo ya mchezo, na hiyo ndiyo maana ya kamari waliyoitaja mafakihi. Mwenyezi Mungu (S.W.) ameikataza katika Suratul Maida, akaitaja pamoja na ulevi, na akabainisha kuwa huzaa uadui na huzuia watu na sala. Fedha hizo ni zipi? Nyingi ni za mtoto aliyekaa na mama yake usiku akichambua karafuu, akapewa chake. Na katika simu kuna visanduku vya bahati: mtoto hulipa bila ya kujua atapata nini. Mwaka 2018 wasimamizi wa kamari wa Ubelgiji, nchi isiyohukumu kwa Qur'ani, waliamua kuwa visanduku vya namna hiyo katika baadhi ya michezo ni kamari. Haistahiki sisi tuwe wapole kuliko wao katika jambo tulilokatazwa na Mola wetu.

La tatu ni yaliyomo. Iko michezo, mashuhuri wake ni Grand Theft Auto, ambayo ushujaa wake ni wizi, mauaji na uchafu, na hata huko ilikotungwa imeandikwa kuwa si ya watoto. Na iko iliyogusa itikadi. Juni 2020 mchezo wa PUBG Mobile uliongeza masanamu ambayo mchezaji huyainamia ili apate nguvu. Waislamu wa Ghuba walilalamika, na sehemu hiyo ikaondolewa. Novemba 2021 kampuni ya Activision iliomba radhi baada ya kurasa za Qur'ani kuonekana zimetupwa sakafuni katika mchezo wake wa Call of Duty. Lakini tuwe waadilifu. Mwaka 2008 Sony ilichelewesha mchezo wa LittleBigPlanet kwa sababu wimbo mmoja ndani yake ulikuwa na maneno ya Qur'ani, na mwenye wimbo huo alikuwa Toumani Diabaté wa Mali, Muislamu, ambaye hakukusudia dharau. Si kila kosa ni njama, na malalamiko yaliyopelekwa kwa adabu yamesikilizwa zaidi ya mara moja.

Ama kauli kwamba mchezo wa vita humfanya mtoto kuwa muuaji, tusiiseme kwa yakini. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani, katika tamko lake la 2015 lililopitiwa upya mwaka 2020, kilieleza kuwa unahusiana na ukali wa tabia, lakini ushahidi hautoshi kuuhusisha na uhalifu wa kumwaga damu. Hoja zetu za kweli zinatosha, na khatibu anayeongeza chumvi hupoteza masikio ya vijana.

Basi tufanye nini? Agosti 2021 Serikali ya China iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa tatu tu kwa wiki katika michezo ya mtandaoni. Sisi hatuhitaji kusubiri serikali, kwani kila nyumba ina mchungaji wake, na kila mchungaji ataulizwa. Tunapendekeza haya:

Kwanza, wenye vibanda. Nao ni vijana wetu wanaotafuta riziki, na tunawaomba kwa heshima. Wafunge wakati wa sala, wasipokee watoto saa za skuli na za chuo, wasiweke michezo ya uchafu, na kila mchezaji alipie sehemu yake mwenyewe kabla ya kuanza. Sharti hili la mwisho haliwapunguzii hata senti moja, na linawatoa katika shubha.

Pili, wazazi. Ushike ile simu uitazame. Mchezo usioujua, kaa na mwanao ucheze naye, kisha upime kwa maswali manne tuliyoyataja. Weka saa, na uifuate na wewe. Baba anayekaa barazani na karata mpaka Isha ikampita hana uso wa kumpiga mwanawe kwa ajili ya gemu.

Tatu, vyuo vyetu. Kibandani mtoto huitwa bingwa, husifiwa anapopanda daraja, na akishindwa huambiwa ajaribu tena. Chuo ambacho mtoto hukijua kwa bakora tu hakitamshinda kibanda, hata kama kibanda kitafungwa. Tuwape watoto mashindano ya Qur'ani yenye zawadi, uwanja wa mpira baada ya Alasiri, na bao chini ya mwembe.

Nne, vijana waliosoma kompyuta. Mmeuona mchezo uliowafundisha kusoma watoto wa Tanga. Nani atatunga wa kumfundisha mtoto wa Pemba herufi za Kiarabu, makharij zake na hesabu za mirathi?

Kwa wazee wetu tunasema: khofu yenu ni ya haki, lakini mlango unaofungwa bila ya kufunguliwa mwengine huvunjwa usiku. Na kwa vijana tunasema: mchezo wenu si dhambi kwa jina lake, lakini umri uliopita ndani yake hautarudi, na mtu ataulizwa ujana wake aliutumia katika nini.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuhifadhie watoto wetu, aubariki wakati wao, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza kauli wakafuata iliyo njema zaidi. Amin.

Wabillahi tawfiq.